Jifunze Rangi za Mafuta kwa Kunakili Sura ya Mwami Msiri

Anayeanza kujifunza rangi za mafuta hapa Kakanda, Katanga, hukimbilia mandhari: kilima, mti, machweo. Mandhari humsamehe. Tawi likipinda zaidi ya lilivyo, hakuna atakayejua. Sura ya mtu haisamehe. Jicho likipanda kidogo tu, hata mtoto ataona kuna kasoro. Kwa hiyo mwongozo huu unakushauri uanze na sura, tena sura ya mfalme: Mwami Msiri wa ufalme wa Garanganze, aliyetawala kutoka Bunkeya na kuuawa tarehe 20 Desemba 1891. Utainakili kutoka kwenye picha ya zamani, hatua kwa hatua.

Picha za Msiri zilizotoka katika zama zake zina faida kubwa kwa mwanafunzi: hazina rangi. Picha za kamera zenye rangi zilianza kuuzwa kwa umma mwaka 1907, miaka zaidi ya 15 baada ya kifo chake. Ukimwona Msiri mwenye rangi, jua kuna mtu aliyezikisia. Wewe utaanza na nyeusi na nyeupe, ujifunze mwanga na kivuli, kisha rangi itakuja mkono ukiwa umetulia. Kanuni ya kazi yote ni hiyo: kivuli kwanza, rangi baadaye.

Je, kunakili kunaua kipaji?

Swali hili ni la zamani hapa Katanga. Mwaka 1946, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Aliwakataza wanafunzi wake kuiga picha za Ulaya. Kila mmoja atafute njia yake. Wakatoka humo Pilipili Mulongoy na ndege na samaki wake, Mwenze Kibwanga na mistari yake myembamba iliyopangana, na Bela aliyepaka rangi kwa vidole. Hakuna anayeweza kusema njia hiyo ilishindwa.

Lakini ipo njia nyingine, nayo ni ya hapahapa. Katika miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi alikuwa akichora historia ya nchi kwenye vitambaa vya magunia ya unga na kuuza picha zake majumbani. Mada zilizopendwa alizirudia tena na tena kwa kadiri wateja walivyotaka. Alipokutana na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, alikuwa na mkono uliozoea kiasi cha kumchorea historia nzima katika picha 101, ambazo Fabian alizichapisha kitabuni mwaka 1996. Kurudia hakukumfunga Tshibumba. Kulimpa wepesi wa kusema alilotaka.

Huko Ulaya nako, Rubens alinakili picha za Titian akiwa tayari bwana wa kazi yake, na jumba la Louvre mjini Paris limeruhusu wanakili tangu mwaka 1793. Sharti lao mojawapo ni kwamba nakala isilingane ukubwa na picha ya asili. Litunze sharti hilo, tutalihitaji mbele.

Mjue unayemchora

Msiri alikuwa mwana wa Kalasa, mfanyabiashara wa shaba kutoka Usumbwa, magharibi ya Tanzania ya leo. Aliingia Katanga kwa biashara, akabaki kwa utawala, na watu wake wakajulikana kama Bayeke. Misafara yake ilifika pwani zote mbili: mashariki kwa Waswahili na Waarabu, magharibi hadi Benguela nchini Angola. Alifanya biashara ya shaba, pembe za ndovu, chumvi na pia watumwa. Miaka yake ya mwisho Wasanga walimwasi. Kwa kuwa sisi tunaishi katika ardhi ya Wasanga, usishangae ukikuta majirani wasiompenda. Kumchora mtu si kumsifu.

Mwaka 1891 ulifika msafara wa William Stairs, Mkanada aliyetumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Msiri alikataa kuwa chini ya bendera yao. Kapteni Omer Bodson, Mbelgiji, akampiga risasi, naye Bodson akapigwa palepale na kufa. Masimulizi ya watu wa msafara wenyewe yanasema kichwa cha Msiri kilikatwa na kuwekwa juu ya mti ili watu waone. Mwanawe Mukanda-Bantu alishika nafasi yake.

Ukiyajua hayo, utaelewa kwa nini kichwa hiki hakichorwi kwa pupa. Utaelewa pia kwa nini huruhusiwi kumvika taji la wafalme wa Ulaya au ngozi ya chui kwa sababu tu inapendeza. Alama ya utawala iliyotambulikana katika eneo hili ni mpande, kipande cha mviringo cha kombe la baharini. Ikiwa picha unayonakili inao, uchore. Ikiwa haina, uache.

Kuchagua picha

Tafuta chapa moja iliyo safi na uiprinti kwa upana wa sentimita 20 na urefu wa 25. Ichunguze kwa maswali matatu. Mwanga unatoka upande gani? Upande wa kivuli unaonekana kwa ukamilifu, au wino umeumeza? Macho yana umbo, au ni madoa mawili tu? Picha ikishindwa maswali hayo, tafuta nyingine. Ukimkosa kabisa Msiri aliye wazi, mchukue mmoja wa warithi wake waliopigwa picha kwa kamera. Hatua hazibadiliki.

Kumbuka kwamba michoro mingi ya vitabu vya karne ya 19 ilichongwa kwenye mbao huko Ulaya na mafundi ambao hawakuwahi kufika Afrika. Fundi alipata mchoro wa haraka wa msafiri, kisha akakamilisha pua, midomo na nguo kwa mazoea yake. Kwa hiyo utakachonakili ni ushahidi wa mtu na pia mkono wa fundi. Mistari yake ya kukatizana usiichore mmoja mmoja. Hiyo ilikuwa njia yake ya kupata kijivu kwa wino mweusi. Wewe una rangi, kijivu chako utakipata kwa kuchanganya.

Vifaa

Vichupa vingi vinavyofika huku vina maandishi ya Kifaransa, kwa hiyo nunua kwa majina haya:

- blanc de titane, nyeupe
- terre d'ombre brûlée, kahawia iliyokolea
- terre de Sienne brûlée, kahawia ya wekundu
- ocre jaune, manjano ya udongo
- outremer, buluu

Rangi tano zinatosha. Nyeusi usinunue: kahawia iliyokolea na buluu zikichanganywa hutoa giza lenye uhai kuliko nyeusi ya kichupa. Nyeupe ya risasi, inayoandikwa blanc de plomb au blanc d'argent, iepuke kabisa kwa sababu ni sumu.

Ongeza mafuta ya kitani, yaani huile de lin, na tapentaini. Mafuta ya mawese au ya kupikia hayafai. Hayakauki, na picha itabaki ikinata. Chukua brashi tatu bapa za manyoya magumu, moja ndogo ya manyoya laini, na kisu cha kuchanganyia. Kwa kuchanganyia rangi kitatosha kipande cha kioo chenye karatasi ya kijivu chini yake.

Makaa ya kuchorea usiyanunue. Chukua vijiti vikavu vilivyonyooka, unene wa penseli, uvipange ndani ya kopo lenye kifuniko, toboa tundu dogo juu, kisha uliweke kopo kwenye mbabula iliyowaka. Moshi ukiacha kutoka tunduni, ondoa kopo na liache lipoe bila kulifungua. Likifunguliwa lingali moto, vijiti vitashika moto na kuwa majivu.

Kuandaa kitambaa

Magunia ya unga ya zama za Tshibumba yalikuwa ya pamba. Mengi ya leo ni ya plastiki, nayo rangi haishiki vizuri. Tumia kitambaa cha marekani kisichotiwa rangi, ukitandaze juu ya fremu ya mbao ya sentimita 40 kwa 50. Gongea misumari kuanzia katikati ya kila upande kuelekea pembeni, ukivuta ili mikunjo isibaki.

Mafuta ya kitani huozesha pamba yakiigusa moja kwa moja. Kwa hiyo paka kwanza gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu, mara mbili, na kila tabaka likauke. Kisha paka praima nyeupe ya akriliki mara mbili na usugue taratibu kwa msasa laini. Ukikosa praima, rangi ya ukuta ya maji isiyong'aa itakufaa kwa mazoezi, lakini usitegemee picha hiyo idumu miaka mingi.

Kuhamisha mchoro kwa miraba

Chapa yako ina sentimita 20 kwa 25, kitambaa 40 kwa 50. Umeshatimiza sharti la Louvre: nakala yako ni kubwa mara mbili. Juu ya chapa weka karatasi ya plastiki angavu na uchore juu yake miraba ya sentimita 2.5. Utapata miraba 8 kwenda kulia na 10 kwenda chini. Juu ya kitambaa chora miraba ya sentimita 5 kwa makaa, bila kukandamiza. Andika herufi juu na namba pembeni, katika pande zote mbili.

Sasa chora mraba mmoja mmoja. Usijiambie "hili ni jicho". Jiulize mstari unaingia mraba wa D4 wapi na unatoka wapi. Mkono ukizidi kuchora jicho unalolijua badala ya jicho unaloliona, geuza chapa na kitambaa juu chini na uendelee. Ukimaliza, simamisha kazi mbele ya kioo cha kujitazamia. Kioo kitakuonyesha taya iliyovimba upande mmoja au sikio lililoshuka, makosa ambayo jicho lako lilikwisha kuyazoea.

Ukiridhika, pitisha brashi laini yenye kahawia nyembamba ya tapentaini juu ya mistari mikuu, iache ikauke, kisha pangusa makaa na miraba.

Kijivu kwanza

Funika kitambaa chote kwa kahawia iliyozimuliwa sana na tapentaini, kisha upanguse kwa tambara hadi ibaki rangi nyepesi ya chai. Weupe mtupu wa praima hudanganya jicho. Juu yake kila rangi huonekana nyeusi kuliko ilivyo.

Changanya vijivu vitano kwa nyeupe, kahawia iliyokolea na buluu kidogo: giza kabisa, giza, wastani, nuru, nuru kali. Vipange kwenye kioo kwa mfuatano. Kazi ya sura nzima ifanywe kwa hivyo vitano, bila cha sita.

Fumba macho nusu na uitazame chapa. Vitu vidogo vitapotea, yatabaki maumbo makubwa: upande wa nuru na upande wa kivuli. Yapake hayo kwanza, hata kama hujaona pua wala midomo. Kisha gawanya upande wa kivuli kuwa sehemu mbili, na wa nuru kuwa sehemu mbili. Nuru kali ihifadhi hadi mwisho, nayo uiweke mahali pachache tu: paji la uso, mgongo wa pua, mboni. Nuru nyingi huondoa nguvu ya nuru zote.

Katika tabaka hili tumia tapentaini zaidi na mafuta machache. Sheria ya rangi za mafuta ni kwamba kila tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini yake. Ukienda kinyume, la juu litakauka mapema, la chini litaendelea kusinyaa, na uso wa Mwami utapasuka.

Dirisha na majira

Vitabu vya Ulaya vitakuambia upake rangi karibu na dirisha la kaskazini, kwa sababu kwao jua halipiti huko na mwanga hautabadilika siku nzima. Kwetu, kusini mwa ikweta, ushauri huo umegeuka. Tangu mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri hapa huwa upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha la kusini ndilo tulivu. Miezi iliyobaki jua huhamia kusini, nawe uhamie upande wa pili. Taa ya umeme iache kwa kuosha brashi. Mwanga wake wa manjano utakufanya uweke buluu isiyohitajika.

Wakati wa kiangazi adui ni vumbi la barabara ya malori. Kausha picha ndani ya nyumba, uso ukielekea ukuta na kuinamia chini kidogo. Masika huleta unyevu, na picha huchelewa. Tabaka jembamba la kijivu lipe wiki moja hivi, kisha liguse kwa kidole pembezoni. Likinata, ngoja.

Rangi ya ngozi

Kijivu kikishakauka, sasa weka rangi. Chukua kahawia ya wekundu na mafuta ya kitani, uipake nyembamba sana juu ya uso wote hadi kijivu kionekane chini yake. Papo hapo sura itapata damu. Kisha fanya kazi ndani ya unyevu huo.

Kivuli kijazwe kwa kahawia iliyokolea na buluu. Sehemu za wastani, kahawia ya wekundu na manjano ya udongo. Sikio, mabawa ya pua na mdomo wa chini huhitaji wekundu zaidi. Kosa la kawaida la anayeanza ni kung'arisha ngozi nyeusi kwa kuongeza nyeupe tupu: uso unatoka kama uliopakwa majivu. Ngozi nyeusi inang'aa kwa kuakisi mbingu, hivyo nuru kali ichanganye kwa nyeupe, buluu kidogo na chembe ya kahawia, kisha iweke kwa mguso mmoja na usiirudie. Ukitaka kuhakiki, simama nje na jirani saa nne asubuhi na utazame paji lake la uso.

Nguo na mandhari ya nyuma zipitie haraka. Zikikushughulisha kuliko uso, mtazamaji naye atashughulika nazo kuliko uso.

Usisage mawe ya mgodi

Kakanda tunatembea juu ya rangi. Malakiti ya kijani ilisagwa na wachoraji tangu Misri ya kale, na buluu ya kobalti ilitengenezwa na Thénard wa Ufaransa mwaka 1802. Kongo leo ndiyo inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na kichupa kidogo cha bleu de cobalt bado ni ghali. Kishawishi cha kuokota jiwe na kulisaga nyumbani ni kikubwa. Usifanye hivyo. Vumbi la madini ya shaba na kobalti hudhuru mapafu na mwili, na baadhi ya mawe ya ukanda huu yana urani. Shinkolobwe, karibu na Likasi, ndiko ilikotoka urani nyingi ya mabomu ya mwaka 1945. Buluu ya outremer itakutosha.

Kobalti utakutana nayo pia katika dawa ya kukausha inayoitwa siccatif de cobalt. Matone machache huharakisha mafuta kukauka. Yakizidi, rangi hupasuka. Mwanafunzi mwenye subira haihitaji.

Hatari nyingine ni vitambaa vya kupangusia. Mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na matambara yaliyorundikwa yanaweza kuwaka yenyewe. Yaloweke kwenye maji au uyatandaze nje moja moja, na tapentaini iwe mbali na mbabula. Fungua dirisha, usile ukipaka, na watoto wasiguse vichupa.

Kumaliza na kutia sahihi

Weka nakala na chapa kando kwa kando, uondoke mita tatu. Tafuta makosa matatu makubwa, urekebishe hayo tu. Vanishi isubiri angalau miezi sita.

Mbele weka jina lako na mwaka. Nyuma andika kwamba ni nakala, imetolewa kwenye chapa gani, na kwamba rangi zimechaguliwa na wewe. Usiandike kwamba hivi ndivyo Msiri alivyokuwa. Picha huhama mikono, na anayeinunua baada ya miaka 50 ana haki ya kujua kipi kilitoka kwenye ushahidi na kipi kilitoka kwako.

Kisha, kabla hujachukua agizo la mtu yeyote, anza picha ya pili: mzee wa mtaani kwako, aliyekaa kwenye kiti mbele ya dirisha, kwa rangi zilezile tano na vijivu vilevile vitano. Ukiweza kumtoa huyo bila miraba, kunakili kumekufundisha. Ukishindwa, mrudie Mwami. Chapa yake haina haraka, wala haichoki kukaa.